Sekunde Thelathini za Ingénieur Florent

Kila asubuhi Pierrette aliwasha kompyuta yake akiwa amesimama. Hakuthubutu kuketi, kwa sababu mashine ile haikuwa na adabu na ilitaka kusimamiwa. Alibonyeza kitufe, akaweka kidole juu ya mshale wa kushuka, akangoja. Kwanza skrini ilikuwa nyeusi tii, kisha mistari miwili ya herufi nyeupe ikajitokeza. Mstari wa juu ulisema "Ingénieur Florent". Wa chini ulisema "Windows 7". Hapo sekunde zilianza kuhesabiwa kutoka thelathini kurudi nyuma, na kabla hazijaisha ilimpasa Pierrette ashuke mstari wa chini na kubonyeza. Akichelewa, mashine ilikwenda kumtafuta Ingénieur Florent, ikamkosa, ikaandika malalamiko marefu ya Kifaransa na kugoma pale pale. Ilibidi aizime na kuanza upya.

Ingénieur, yaani Injinia, Florent alikuwa mumewe. Ndani ya mashine hakuwemo, na ndani ya nyumba hakuwemo vilevile. Miaka minne iliyopita aliaga kwamba anakwenda Lubumbashi wiki mbili, kujaza wino kwenye kasha la printa. Kasha lilikwenda naye, wino haukuja, na Pierrette alinunua kasha jingine.

Duka lilikuwa chumba kimoja kando ya soko la Kashikishi, nchini Zambia, upande ambao harufu ya chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa, haiondoki hata mvua ikinyesha wiki nzima. Wakongomani waliliita secrétariat. Wazambia walisema wanakwenda kwa Bana Plamedie, yaani kwa mama yake Plamedie, kwa jina la binti yake wa pekee. Humo Pierrette alichapa barua, risiti, maombi ya kazi, ratiba za mazishi na matangazo ya kwaya, akapiga na kopi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na dharau aliyokuwa nayo ingetosha kugawiwa mtaa mzima ikabaki.

Aliwadharau wateja kwanza. Wanakuja na karatasi imekunjwa mara nane kama kitambaa cha pua, halafu wanataka itoke safi. Wanasema haraka haraka, ukiwauliza tarehe ya kuzaliwa wanaanza kuhesabu kwa vidole. Kijana aliyelala hadi saa nne anataka aandikiwe kwamba ni mchapakazi, anajua Kiingereza na anaendesha gari, na gari lenyewe amelipanda mara mbili kwenda mjini Mansa. Pierrette aliwaandikia yote, kwa vidole kumi, bila kutazama mikono. Miaka kumi na mmoja alikuwa karani wa parokia upande wa Pweto, huko Kongo, na mapadri wanne walipita mbele yake wakiandika vibaya naye akiwasahihisha kimya kimya.

Lakini dharau iliyoiva, ile ya kutunzwa, aliiweka kwa ajili ya Florent. Mtu huyo alivuka mpaka kukimbia vita ya Kongo mwaka wa elfu mbili na kumi na saba, watu wote wakibeba watoto na magodoro, yeye akibeba cheti. Cheti kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya mfuko mwingine. Kilisema kwamba Bwana Florent amehudhuria mafunzo ya wiki tatu ya kutengeneza simu. Wiki tatu, na huko Kenani, kwenye kambi ya wakimbizi, kila mtu alikuwa tayari anamwita Ingénieur kabla hata ya kupewa blanketi, kwa sababu yeye mwenyewe alijitambulisha hivyo kwenye foleni ya maji.

Mashine aliinunua Pierrette. Alilima mihogo misimu miwili, akauza chisense hadi Mansa, akapata laptopu iliyokwisha kutumika kutoka kwa mfanyabiashara wa Lubumbashi. Betri ilikuwa imekufa, ndiyo maana ilifanya kazi umeme ukiwepo tu, na umeme wa wilaya ile ya Nchelenge hupenda kusafiri. Alichofanya Florent ni kuibeba kutoka kituo cha basi hadi mlangoni, hatua kama mia tatu hivi. Tangu siku hiyo alisema "machine yangu".

Wiki ya pili akaona haitoshi.

"Mama Plamedie," alimwambia mkewe, "hii système yako iko ya batoto ba masomo. Mie niko na ma-projets. Inapashwa nikuwe na système yangu, propre, yenye watu habagusi."

"Ma-projets gani, Papa Plamedie?"

"Utaona."

Akagawa mashine nusu kwa nusu. Nusu moja akamwachia mwenye mashine. Nusu ya pili akaweka Windows yake mwenyewe, akaifunga kwa neno la siri, akaiandika jina na cheo, na akapanga ianze yenyewe kila mashine ikiwashwa. Mke ambaye kazi yake ndiyo iliyonunua unga wa bukari, yaani ugali, alipewa sekunde thelathini za kushuka chini. Florent alieleza kwamba ndivyo inavyofanywa na mainjinia kote duniani.

Alipokwisha kuondoka, na mwaka mmoja ukapita, mashine ilijaa. Barua mpya hazikuwa na mahali pa kukaa. Pierrette akamwita Dan, fundi mmoja Mzambia aliyekuwa na meza ya chaja na simu pale sokoni, mtu wa maneno machache. Dan aliifungua ile nusu ya Florent bila shida yoyote, liwepo neno la siri lisiwepo, akageuza skrini ili mama aone. Kulikuwa na filamu za mapigano mia mbili na kitu. Kulikuwa na muziki. Kulikuwa na faili moja iliyoitwa Projet. Pierrette akaomba aisome. Ilikuwa nusu ukurasa: kichwa cha habari, jina la Florent, cheo cha Florent, namba ya simu ya Florent, na sentensi moja ambayo haikumalizika.

"Madam, nafuta hii yote?" Dan aliuliza.

"Futa."

Akafuta. Nusu ya pili ikarudi kwa mwenyewe, nafasi ikapatikana tele. Kisha Dan akauliza, "Na jina? Lile la kwanza, pale inapowaka. Nitoe nayo?"

Na hapa Pierrette, mwanamke aliyemcheka kila mtu, alifanya upumbavu ambao ungefanywa na mtu aliyepita Kenani tu. Alisema, "Jina, acha. Jina haikule kitu. Acha ikae."

Kule kambini wakimbizi walijifunza jambo moja kabla hawajajifunza Kibemba: jina likiingia kwenye orodha ya mgao, usiliguse. Mtu akirudi Kongo, mwache kwenye orodha. Akioa kwingine, mwache. Ilisimuliwa habari ya mwanamke fulani aliyekwenda mwenyewe mezani kusema shemeji yake ameondoka, wakafuta jina moja, likaondoka na mengine sita. Mwanamke huyo hakuna aliyewahi kumwona. Kila mtu alimjua mtu aliyemjua. Hata hivyo watu wazima wenye akili zao, akina mama waliozika na kuvuka maji, walishikilia kwamba jina la mtu asiyekuwepo ni mali, na kulifuta ni kujitafutia balaa. Pierrette aliwacheka kwa hilo miaka mingi. Halafu siku ilipofika zamu yake, mbele ya fundi mwenye kidole tayari juu ya kitufe, mdomo ukasema wenyewe: acha ikae.

Basi likakaa. Miaka mitatu zaidi alisimama kila asubuhi kumshinda mbio mtu asiyekuwepo. Umeme ukikatika mara nne kwa siku, alisimama mara nne. Hakuweza kwenda msalani umeme ukiwa unachezacheza. Mara moja alichelewa kwa sababu alikuwa anamrudishia mteja chenji, mashine ikaenda ikagoma, na mteja akauliza kwa upole kama wangemngoja Ingénieur aje aitengeneze.

Hilo ndilo lililouma. Wateja walisoma. Watu wa Kashikishi wasiosoma hata kibao cha basi walisoma skrini ile vizuri kabisa. Walikaa kwenye benchi, wakaona mashine ikiwaka, na neno la kwanza likawa jina la mwanamume na cheo chake. "Ingénieur yuko?" waliuliza. "Ametoka kidogo?" Walimpa Pierrette kazi huku wakitazama mlango wa nyuma, kama watu waliomkuta mtumishi na wanangoja tajiri amalize chai. Mlango wa nyuma ulikwenda kwenye choo.

Naye Ingénieur alikuwa wapi? Chouchou, muuza samaki aliyevuka ziwa kila wiki na ambaye alikuwa rafiki wa kweli wa Pierrette, ndiye aliyeleta habari.

"Weye, bwana yako haiko Lubumbashi," alisema siku moja, akiweka ndoo yake chini. "Iko Kilwa. Kilwa, hapa tu! Nilimuona na macho yangu. Iko na lunettes ya jua, anaikala mu kivuli ya duka ya mwanamuke moja. Banamuita Ingénieur."

Kilwa hiyo ya Kongo ni ng'ambo ya ziwa tu. Boti za samaki huenda na kurudi kama watu waendao kuazima chumvi. Miaka minne mtu alishindwa kupanda boti moja. Pierrette alisikia, akapangusa miwani, akamwambia Chouchou aondoe ndoo isije ikalowesha karatasi.

Mwisho wa Februari, ziwa likiwa bado limefungwa ili samaki wazaane na wavuvi wakihesabu siku zilizobaki, Bwana Goodson aliingia dukani. Goodson alikuwa mwenyekiti wa chama cha wauza samaki wa Kashikishi, mwanamume mnene aliyevaa suti nzima siku ya Alhamisi bila sababu. Chama kilitaka mahali pamoja pa kuchapia mambo yake yote msimu mzima: risiti, barua, orodha za malori. Kwa secrétariat ndogo kama ile, kazi hiyo ilikuwa tofauti kati ya kubaki wazi na kufunga. Pierrette alilijua hilo. Msimu uliopita miezi miwili alichapa ratiba za mazishi tu, akawa anasikiliza nani anaumwa.

Alimpa Goodson kiti. Bahati mbaya umeme ulikuwa umekatika na kurudi dakika hiyo hiyo. Akabonyeza kitufe. Skrini nyeusi, herufi nyeupe. Goodson akasogeza kichwa, akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma Injili: "In-gé-nieur Florent." Akatikisa kichwa kwa heshima.

"Bana Plamedie, kazi yako mimi naipenda," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe unachapa sawasawa. Lakini mkataba, nataka andika na mwenye mashini."

"Mwenye mashini ni mimi, Ba Goodson."

"Wewe unaangalia. Mwenyewe ni bwana. Mashini yenyewe inasema, si mimi." Akacheka, kwa sababu alidhani amesema kitu cha akili. "Namba yake nilipata kwa watu wa boti. Jumamosi saa nne atakuwa hapa. Tutawasha, tutaona, tutasaini."

Pierrette alimtazama mtu huyo mzima, baba wa watoto saba, anayeongoza chama cha watu mia mbili, ambaye alikuwa tayari kuamini mistari miwili ya skrini kuliko mikono aliyoiona ikifanya kazi miaka mitano. Alitaka kumwambia. Lakini alihitaji kazi, na mtu anayehitaji kazi hunyamaza. Alisema tu, "Sawa, Ba Goodson. Jumamosi."

Goodson alipotoka, Pierrette alikaa. Aliona wazi jinsi itakavyokuwa. Florent atakuja na miwani yake ya jua. Ataketi kwenye kiti cha Pierrette. Mashine itawaka na kumtaja. Atatia saini kwa ile saini yake ndefu yenye mkia, na kuanzia hapo kila karatasi atakayochapa Pierrette itakuwa karatasi ya Florent, na Florent hatarudi Kilwa tena, maana kivuli kizuri zaidi kitakuwa hapa.

Akaanza kuuliza watu. Fundi mmoja wa karibu na kituo cha basi alimwambia jina hilo ni virusi na anunue mashine mpya, naye anayo moja ya kuuza. Dada mmoja wa kwaya alimshauri afunge siku tatu. Pierrette alimwuliza, akifunga siku mbili zitaondoka herufi ngapi. Mwishowe alimpigia Dan, ambaye sasa alikuwa amehamishia meza yake Mansa. Dan alisikiliza hadi mwisho.

"Madam, hiyo si ugonjwa," alisema. "Nyumba nilibomoa zamani. Kulibaki jina tu ku mlango. Ni wewe ulisema niache."

"Najua."

"Kazi ya dakika mbili. Hata wewe unaweza. Shika ile ya alama ya Windows pamoja na R. Andika msconfig. Utaona majina mawili. Kwanza weka ya kwako iwe ya kwanza. Ndiyo ufute ya bwana. Usigeuze ukafuta ya kwako, eh? Hapo ndiyo utalia kweli."

Dakika mbili. Miaka mitatu ya kusimama, na dawa yake ilikuwa dakika mbili na vidole alivyokuwa navyo. Pierrette aliandika maelezo ya Dan nyuma ya ratiba ya mazishi iliyoharibika. Sasa dharau ilimgeukia yeye mwenyewe na hakuwa na pa kujificha.

Ijumaa umeme uliondoka alfajiri. Saa tatu haupo, saa sita haupo. Pierrette alikaa mbele ya mashine iliyokufa, karatasi mkononi, akiwatukana kimoyomoyo watu wa umeme mmoja mmoja. Plamedie, ambaye alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa amemaliza shule mwaka jana, alikaa naye akimenya karanga. Saa kumi jioni feni ikaanza kuzunguka yenyewe. Pierrette aliruka, akabonyeza, akamshinda mbio Florent kwa mara ya mwisho, akaingia.

Akashika vitufe viwili. Akaandika neno la Dan. Kidirisha kidogo kikafunguka, na mashine ile iliyonunuliwa Lubumbashi ilisema Kifaransa kama kawaida yake. Akabonyeza pale palipoandikwa Démarrer, yaani washa. Majina yote mawili yalikuwepo, Ingénieur Florent juu, lake, Windows 7, chini. Akagusa lake, akabonyeza kitufe cha kulifanya liwe la kwanza. Mashine ikakubali bila ubishi wowote. Halafu akagusa jina la mumewe, na chini kabisa kukawa na kitufe kimoja, Supprimer, yaani futa.

Mkono ukasimama.

Alichukia kwamba umesimama. Alijiambia ni hofu ya kukosea, lakini alikuwa amesoma mara nne na hakukuwa na kosa. Plamedie aliacha karanga.

"Maman, ulikuwa unamungojea?"

Ukweli ni kwamba Pierrette alikuwa akimngoja. Habari za orodha na Kenani zilikuwa kisingizio. Mwaka wa kwanza alisikiliza kila boti. Mwaka wa pili aliacha kusikiliza boti, lakini asubuhi jina lilipotoka kwenye skrini, kabla kidole hakijashuka, kulikuwa na nusu sekunde ambayo nyumba ilikuwa na mwanamume. Kwa nusu sekunde hiyo alilipa sekunde thelathini, mara nne kwa siku, miaka mitatu. Alimngoja mtu mwenye sentensi moja isiyomalizika, na aliona haya kwa hilo kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

"Nilikuwa mujinga," alimwambia binti yake. "Kula karanga."

Akabonyeza. Jina likatoweka. Hapakuwa na kelele wala mwanga, na mengine sita hayakuondoka nalo. Mashine ikaomba kuzimwa na kuwashwa upya. Aliiruhusu, na kwa mazoea akasimama, kidole juu ya mshale. Hapakuwa na pa kushuka. Mashine ilimkaribisha kwa jina lake, ikapita moja kwa moja hadi kwenye picha ya maua aliyoiweka mwenyewe, na Pierrette akabaki amesimama kama mtu aliyekwenda kusukuma mlango akaukuta wazi.

Jumamosi Florent alikuja kwa boti ya saa mbili. Alikuwa na miwani ya jua, koti la mikono mirefu kwenye joto lile, na viatu vyenye ncha vilivyoingia tope la gati hadi kwenye soksi. Alileta zawadi, pakiti moja ya biskuti, imefunguliwa. Alimkumbatia Plamedie, akashangaa kwamba mtoto amekua, kana kwamba alimtegemea asikue hadi apewe ruhusa. Halafu akaketi kwenye kiti cha Pierrette.

"Chérie," alisema, "maisha ya Lubumbashi iko nguvu. Mais nilisikia muko na contrat, nikaacha yote."

"Ulitoka Lubumbashi leo asubuhi?"

"Nilipitia Kilwa kidogo."

Goodson aliingia saa nne kamili na wazee wawili wa chama. Alimpa Florent mikono yote miwili na kuinamisha kichwa. Kwa Pierrette alitikisa kichwa tu. Florent akaanza kuongea, na kwa dakika kumi duka zima lilijaa mashine, mitandao, ma-projets na wazungu waliomwomba afanye kazi nao akakataa. Wazee wa chama walisikiliza midomo wazi. Watu wanaojua bei ya ndoo ya chisense hadi senti ya mwisho, huwezi kuwaibia samaki mmoja, walikuwa wanauziwa upepo na kuufunga vizuri kwenye leso.

"Sasa," Goodson alisema hatimaye, "tunaandika na nani?"

"Na mwenye machine, bien sûr," Florent alijibu. "Hata musiniulize mie. Muulize machine. Iwashe. Jina yenye itatoka ya kwanza, ule njo mwenyewe. Niliiweka na mikono yangu."

"Umesema vizuri," Goodson alisema. "Na mimi nilisema hivyo hivyo."

"Weye umekubali, Papa Plamedie?" Pierrette aliuliza. "Jina yenye itatoka?"

"Nimekubali."

"Ba Goodson?"

"Nimekubali. Washa."

Florent akaiwasha mwenyewe, kwa kidole cha kati, akaegemea nyuma, mikono kifuani. Skrini ikawa nyeusi. Wazee wakasogea. Kisha nyeusi ikaondoka, na pale katikati, kwa herufi kubwa za kukaribisha, pakaandikwa jina moja: Pierrette. Ikaja picha ya maua. Ikaja barua ya chama yenyewe, ambayo Pierrette alikuwa amepanga ifunguke.

Florent alingoja. Aliendelea kungoja, kichwa kimeelekea kidogo upande, kama mtu aliyeitwa kanisani na anasubiri wamalize kulitamka jina lake. Akazima. Akawasha tena. Pierrette. Maua.

"Iko wapi yangu?" alisema.

"Nilifuta."

"Ulifuta jina ya bwana yako?"

"Ndiyo. Vitu vyako Dan alivifuta zamani, miaka mitatu sasa. Filamu, muziki, na ile projet. Kulibaki jina. Jana nikaondoa na jina."

"Rudisha basi!" alisema Goodson kwa Florent, bado na heshima. "Si wewe Ingénieur?"

Florent alivua miwani ya jua. Aliweka mikono juu ya vitufe na kuitazama. Akabonyeza kimoja, akabonyeza kingine. Kwenye barua ya chama, baada ya neno "Mheshimiwa", zikatokea herufi k tatu. Alibonyeza tena ili ziondoke, zikawa tano. Wazee wa chama waliangalia kidole kile kimoja kikitafuta vitufe kama kuku anayedonoa changarawe, na mmoja wao akaanza kucheka puani. Goodson alivuta koti lake la suti chini, akakohoa. Hakuwa mtu wa kuomba radhi, na hakuomba.

"Mashini imesema," alisema tu. "Bana Plamedie, kaa."

Florent hakuinuka mara moja. Plamedie ndiye aliyeshika mgongo wa kiti na kusema, "Papa, pisha Maman." Akapisha. Pierrette aliketi, akazifuta zile k, akachapa mkataba wote bila kutazama mikono, na mahali pa mwenye mashine akaandika jina lake kamili. Goodson akatia saini. Yeye akatia saini. Kitu chote kilichukua muda mfupi kuliko hotuba ya Florent.

Wazee walipotoka, Florent alikuwa bado amesimama katikati ya chumba na biskuti zake. Benchi lilikuwa limejaa wateja wa Jumamosi, na wote walikuwa wamesikia kila neno.

"Na mie sasa?" aliuliza, kwa sauti ya chini. "Mie nitakuwa wapi?"

Pierrette aliona karatasi iliyochungulia kwenye mfuko wa koti, ndani ya plastiki, na plastiki ndani ya plastiki. Aliijua: cheti kile kile. Alinyoosha shingo kidogo, akampa sauti ile ile anayowapa watu wote wa Kashikishi.

"Kama ni ile certificat unataka kupiga kopi, mulango iko pale, foleni inaanzia inje. Ni kopi ngapi?"

Florent alitazama benchi. Halafu akatoka, akaenda akasimama nyuma ya mwanamke mwenye ndoo ya chisense kavu, na ilipofika zamu yake akasema, "Mbili."